Tuipange Safari kwa Kuteremka

Hotuba kwa wenye magari ya foo wili wa Unguja na Pemba, kabla ya safari ya milima ya Usambara

Bismillahi Rahmani Rahim. Waheshimiwa wazee wetu, ndugu zangu wenye magari na madereva mliotoka Mjini, Mashamba na Pemba, dada zetu mnaoendesha, mafundi wetu, mabibi na mabwana, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tumekutana kupanga safari ya Agosti ya kwenda Lushoto, kwenye mkusanyiko wa wenye magari ya foo wili, yaani yanayosukumwa na magurudumu yote manne, tulioalikwa na wenzetu wa bara. Nimeombwa nizungumzie matayarisho, nami nimeona nisiyataje yote kwa uzito mmoja, kwa sababu hayalingani. Chakula, mahema na sare za msafara vina kamati yake na kamati hiyo inafanya kazi vizuri. Mimi nataka kuzungumza juu ya gari na dereva wa kisiwani anapofika mahali ambapo ardhi inasimama.

Ukingo wa Masingini, ambao ndio mahali pa juu kabisa hapa Unguja, haufiki mita 130 kutoka usawa wa bahari. Pemba, pamoja na vilima na mabonde yake yote, haifiki hata mita 100. Mombo, pale tutakapoiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha, iko zaidi kidogo ya mita 400, na Lushoto iko takriban mita 1,400. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita zisizozidi 35 za lami nyembamba inayopinda kando ya korongo kupitia Soni, na kwa hiyo ndani ya safari ya saa moja gari litapanda mita elfu nzima. Ukiondoka Lushoto kuelekea msitu wa Magamba unapanda zaidi, na huko juu lami inakwisha.

Wengi wetu, tukisikia mlima, tunafikiria kupanda. Tunaulizana kama injini ya Escudo itaweza, kama Land Rover ya mzee fulani itachemsha, kama tairi zitateleza. Maswali hayo yana maana, lakini gari lililoshindwa kupanda husimama tu, na dereva wake akateremka akacheka na wenzake. Gari lililoshindwa kuteremka halisimami. Ndiyo maana rai yangu kwenu ni kwamba safari hii yote, tangu matengenezo ya gari mpaka mzigo, mpaka saa ya kuondoka, tuipange kwa kuteremka.

Tuanze na hesabu ndogo. Gari la tani mbili na nusu, yaani Land Cruiser iliyobeba watu na vitu vyao, likishuka mita 1,000 linatoa nishati inayotosha kuchemsha lita 70 hivi za maji kutoka kwenye ubaridi wa kawaida. Sehemu ya nishati hiyo inaliwa na upepo na msuguano wa matairi barabarani. Iliyobaki lazima ibebwe na kitu, na vitu vyenyewe ni viwili tu, injini au breki. Dereva anayeteremka na gia nzito, yaani ya chini, ameikabidhi injini kazi hiyo, na injini ina rejeta na feni yake ya kuutoa moto. Dereva anayeteremka kwa kukanyaga pedeli muda wote ameikabidhi kazi vipande vidogo vya breki vinavyoenea kwenye kiganja cha mkono.

Mwaka mmoja tulipokuwa tukirudi kutoka Lushoto, gari moja katika msafara wetu liliwasha taa za tahadhari kabla ya kufika Soni. Dereva wake ni mtu makini na gari lake lilikuwa limetoka kufanyiwa sevisi. Tulipolifikia, harufu ya breki ilikuwa imetanda, magurudumu ya mbele yanafuka, na pedeli ilikuwa ikienda mpaka chini kwenye zulia bila kukamata chochote. Alilizuia kwa gia na breki ya mkono, akalielekeza ukingoni upande wa mlima. Tulikaa pale muda mrefu tukisubiri. Breki zilipopoa, pedeli ikarudi juu yenyewe, ngumu, bila fundi kugusa kitu.

Kilichotokea kinaeleweka, na nimekuja na chupa mbili hizi ili tukione pamoja. Hii ya kulia ni mafuta ya breki mapya, ya daraja liitwalo DOT 4, yana rangi ya manjano hafifu na unaweza kuona vidole vyangu upande wa pili. Hii ya kushoto yalitolewa wiki hii kwenye gari linalotembea hapa mjini, nayo yamekuwa kama chai ya rangi. Naomba zipitishwe, kila mmoja azitazame kwenye mwanga. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya visiwani petu haina upungufu wa unyevu. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinakubali yachemke kwenye nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya mipira, na mvuke, tofauti na mafuta, unabonyea. Mguu unakanyaga, mvuke unajikunja, na nguvu haifiki kwenye gurudumu. Joto likishuka mvuke unarudi kuwa maji na breki inaonekana nzima, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa sababu dereva anajipa moyo kwamba tatizo limekwisha.

Kwa hapa mjini, ambapo mtu hukanyaga breki pale Michenzani na kuiachia, mafuta ya chupa hii ya kushoto yanaweza kutumika miaka bila kumletea mtu taabu yoyote. Mlima ndio unaoyafichua. Kwa hiyo nawaomba mafundi wetu waliopo hapa wabadilishe mafuta ya breki ya kila gari linalokwenda, yote, mpaka yatoke safi kwenye magurudumu manne. Najua ugumu wake. Nipeli za kutolea upepo, zile skrubu ndogo za kwenye magurudumu zinazofunguliwa ili mafuta yatoke, kwenye magari yetu zimeliwa na chumvi, na fundi akihofia kuikata anaona heri aongeze mafuta mapya juu ya yale ya zamani kwenye kikopo. Kuongeza juu hakusaidii, maana mafuta yanayopata moto ni yale yaliyoko chini kwenye gurudumu, nayo hayajaguswa. Nipeli ipakwe mafuta ya kulegezea kutu siku mbili kabla, na ikikatika, ikatike hapa penye spea na mafundi.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niombe kila gari lipandishwe juu na chesisi igongwe kwa nyundo ndogo, hasa pale zinaposhikia springi na stelingi. Gari linaloteremka limeelemea mbele, na uzito wote unazifikia sehemu ambazo kwenye barabara zetu za tambarare hazijawahi kuulizwa swali gumu. Bomba za breki za chuma zinazopita chini ya gari zikwanguliwe rangi na kutazamwa. Bomba lenye kutu ya magamba libadilishwe, lisipakwe rangi.

Sasa nije kwa dereva. Kanuni ya zamani ya madereva wa milimani inasema teremka na gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda mahali hapo. Kwenye lami ya Lushoto hiyo ni gia ya pili, na pengine ya tatu kwa gari jepesi. Kwa magari ya otomatiki ni kuitoa kwenye D na kuiweka 2 au L kabla mteremko haujaanza. Kwenye njia za vumbi na mawe huko juu ni gia nzito ya foo wili, ile iliyoandikwa 4L, na gia ya kwanza. Mguu unakuwa karibu na breki bila kuilalia, na klachi haiguswi kabisa. Ukikanyaga klachi umeitenga injini na magurudumu, ni sawa na kuweka nyutro, na nyutro kwenye mteremko sitaki hata kuijadili.

Na ikitokea gari likazima katikati ya mwinamo likiwa linapanda, kwa sababu hili huwapata hata wenye uzoefu, mwili utakuambia ugeuze gari lirudi chini kwa mbele. Msiutii. Gari likikaa upande kwenye mwinamo mkali linabiruka. Breki ya mguu, breki ya mkono, gia ya rivasi kwenye 4L, kisha uachie polepole lirudi kinyumenyume kwa mstari ulionyooka, injini ikilizuia, na mtu mmoja akiwa amesimama pembeni, kamwe asikae nyuma ya gari, akikuongoza kwa ishara tulizokubaliana.

Mtaniuliza tutajifunzia wapi mambo haya kwenye kisiwa kisicho na mlima. Mwinamo hatuna, lakini gia tunazo. Miongoni mwetu wapo wenye magari mazuri ya foo wili ambao hawajaiweka 4L tangu waliponunua, na gia isiyotumika hukakamaa. Kabla ya mwisho wa mwezi huu kila mmoja aipeleke gari yake kwenye njia za maweni za Makunduchi, ambako tairi zina pa kuteleza kidogo, aingize 4L, atembee taratibu, ageuze, atoe, aingize tena. Isifanyike kwenye lami, kwa sababu magari mengi ya foo wili ya kuingiza kwa mkono hayana kitu cha kuruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa tofauti, na kwenye lami kavu vyuma vinajisokota mpaka vinaumia. Ndugu zetu wa Pemba wana vilima, nao watatuzidi katika hili, na napendekeza wao ndio wawe mabwana wa mazoezi.

Juu ya kupanda nitasema machache. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza kiasi cha asilimia kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, hivyo kwenye mita 2,000 utakuwa umeacha karibu moja ya tano ya farasi zako chini. Gari si bovu, usiivunje kwa kuilazimisha. Teremsha gia, nenda polepole, tazama mshale wa joto. Rejeta isafishwe, na maji ya rejeta yawe na kuleni, ile dawa ya kupozea injini, yasiwe maji matupu ya bomba.

Mzigo nao ni suala la kuteremka. Kila kilo unayoipandisha juu ya kerea utaishusha kwa breki, na ikiwa juu inakaribisha gari kubiruka kwenye kona. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa na mtu juu ya kupakia kupita kiasi. Tangu usiku ule wa Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, hakuna ukoo usiojua maana yake. Basi vitu vizito, yaani maji, jeki, boksi la spana na betri ya akiba, vikae ndani, chini, katikati ya gari, vifungwe. Kwenye kerea zibaki mahema na magodoro.

Bahari yenyewe lazima iingie kwenye mpango. Agosti ni msimu wa kusi, mkondo unachafuka, na meli zinazobeba magari hazina ratiba kama ya boti za abiria. Nafasi ziwekwe mapema na tusipange kufika Dar es Salaam siku ile ile tunayotaka kuwa Lushoto. Melini gari liwekwe gia na breki ya mkono, na dereva ahakikishe kwa macho yake kwamba limefungwa. Madumu ya mafuta ya akiba yapande matupu, tutayajaza bara. Gari lenye namba ya Z, yaani lililosajiliwa Zanzibar, lina taratibu zake za kiforodha likishuka bara, kwa hiyo kadi halisi ya gari na vibali kutoka mamlaka za mapato za pande zote mbili viwe mkononi kabla ya siku ya kupakia, na kila mmoja aulize kwa maandishi kama bima yake inafanya kazi ng'ambo ya mkondo. Wapemba, ikiwa meli ya Tanga itapatikana wiki hiyo, itawapunguzia safari ndefu, na tutakutana Segera.

Kutoka Dar es Salaam napendelea tupite Bagamoyo na kutokea Msata, ili tukwepe foleni ya malori ya Kibaha na Chalinze. Tuondoke baada ya sala ya alfajiri. Adhuhuri na alasiri tutazikusanya na kuzipunguza njiani kama sharia ilivyoturuhusu wasafiri, wala asiwepo wa kukimbiza gari kwa hofu ya kukosa sala. Penye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wa barabara ile hawalali. Tukifika Mombo jua limeanza kushuka, tutalala Mombo au Korogwe. Sitakubali msafara wa madereva wa tambarare upande barabara ya Soni usiku kwa mara ya kwanza, wakati malori ya kabichi, nyanya na matunda yanashuka kuelekea masoko ya Dar es Salaam. Kwenye kona za pale piga honi, na ukikutana na lori lenye mzigo, mpishe.

Tukishafika, kuna jambo naliona kubwa kuliko ufundi wote niliousema. Usambara ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, misitu ya zamani sana yenye mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine duniani. Ua dogo la zambarau wanaloliweka watu wa Ulaya madirishani mwao, waliloliita Saintpaulia kwa jina la Mjerumani aliyelipeleka kwao, asili yake ni milima hii na ile ya jirani zake. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ina viingilio na masharti yake, na njia za gari humo zinajulikana. Nje ya hifadhi, kila ubavu wa mlima una shamba la Msambaa. Udongo ule ulivyoinama, alama mbili za matairi zilizochimbwa siku ya mvua zinakuwa mfereji, na mfereji ule mvua inayofuata unaondoka na viazi vya mtu. Agosti ni kiangazi kwao, lakini milima ile hupata manyunyu wakati wowote, kama sisi tunavyopata mchoo. Njia ikiwa tope, tusiingie. Hakuna picha yenye thamani ya shamba la mwenzetu.

Vijana wamenionyesha video za mikusanyiko ya magari na naelewa hamu yao. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha na nchi nzima ikatazama. Lakini shindano ninaloliheshimu kuliko yote katika ukanda wetu ni Rhino Charge la Kenya, lililoanza mwaka 1989. Pale hakuna zawadi ya mwendo wa kasi. Anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, na fedha zinazochangwa zimesaidia kujenga uzio wa kuulinda msitu wa milima ya Aberdare. Ningependa msafara wetu ujulikane Lushoto kwa tabia hiyo, na napendekeza kila gari litoe mchango, uende kwenye skuli au zahanati ya kijiji kitakachotupokea, tukiwauliza wao kwanza wanataka nini.

Juu ya kukwamuana: kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi. Ile tufe ya kuvutia trela isitumike kamwe, kwa sababu ikikatika inaruka kama risasi, na watu wameuawa hivyo katika nchi mbalimbali. Kamba ikishakaza, watazamaji wote wawe mbali kuliko urefu wake, na waya wa winchi ulazwe blanketi juu yake. Matairi yapunguzwe upepo kwenye njia za mawe, kutoka 35 mpaka 25 hivi, na pampu iwepo ya kuyarudishia kabla ya lami, kwa sababu kuteremka Soni na tairi laini ni kujitafutia balaa kwenye kona. Usiku kutakuwa na baridi ya karibu nyuzi 10. Leteni masweta, hasa kwa watoto.

Mwisho ni suala la nani ana kauli. Napendekeza gari la mbele liongozwe na mwenyeji anayezijua njia, gari la nyuma liwe la fundi mwenye zana, na kila dereva awajibike kumuona mwenzake wa nyuma kwenye kioo, asipomuona, asimame. Na dereva yeyote, awe mkubwa au mdogo, akisema njia hii imenishinda, gari lake ligeuzwe na mtu mmoja afuatane naye, bila kuulizwa na bila kutaniwa. Mteremko unaosukumwa kuushuka kwa sababu ya aibu ndio unaoua.

Ukaguzi wa magari utafanyika Jumapili mbili kabla ya kupakia melini. Mafundi watafungua nipeli ya gurudumu la nyuma kushoto, wayatazame mafuta yanayotoka, kisha 4L ijaribiwe mbele ya kamati. Gari litakalotoa mafuta ya rangi ya chupa ya kushoto halitaandikwa, hata likiwa langu au la mwenyekiti, mpaka yabadilishwe. Fomu ziko kwa katibu.

Wabillahi tawfiq, ahsanteni sana.